Damu Yake Inaenda Wapi?

Mkitaka kunikasirisha, nyinyi vijana mliovaa koti jeupe juzi juzi, niambieni kwamba mgonjwa "ameishiwa na damu." Aliyeishiwa na damu yuko mochari na hahitaji sindano yenu. Huyu aliyeketi mbele yako, anayekunja mkono wa shati huku akitazama ukutani, ana damu, ila ni nyepesi, au ni kidogo, au imekosa kitu, na kazi yako ni kusaidia kujua ni kipi. Nimeyasema haya katika maabara za mjini miaka nenda miaka rudi, hadi wenzangu wakawa wananiigiza nikitoka nje. Sasa nimestaafu, niko kwangu, mtaa wa Satellite, nachuma sukuma wiki nyuma ya nyumba, na bado nayasema.

Sikuwahi kuwa daktari, ingawa wagonjwa waliniita hivyo. Nairobi kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata anayepiga deki. Majirani huniita Mama Ciku. Nilikuwa mtu wa maabara: nilitoa damu, nikaipima, nikaandika jibu na kumpelekea anayejua la kufanya nalo. Ilikuwa kazi iliyonifaa, kwa sababu mimi si mtu wa kubembeleza watu, na damu haihitaji kubembelezwa.

Aliyenifunza ni Bi Truphena, mama mrefu kutoka upande wa Vihiga, aliyesimamia maabara ndogo katikati ya jiji, juu ya duka la viatu. Wakati huo hatukuwa na mashine. Ulitia tone la damu kwenye mrija wenye asidi, ukaongeza maji kidogo kidogo hadi rangi ifanane na ile ya kioo cha kando, ukasoma mstari. Ilibidi usimame dirishani. Tatizo likawa kwamba siku ya mawingu kila kitu kilionekana cheusi, na jiji zima likatoka na damu nzuri. Bi Truphena alikuwa akiangalia nje, anaweka mirija chini na kusema, "Tunywe chai kwanza, jua litoke." Madaktari walikuwa wakipiga simu kuuliza majibu yako wapi, naye anawajibu bila haya kwamba majibu yanangoja jua.

Siku hizi mashine inameza tone na kutapika karatasi kabla hujakaa sawa. Ni jambo jema na silionei wivu. Lakini mashine husoma ulichoipa, na ukiipa upuuzi itakusomea upuuzi kwa maandishi mazuri sana. Kulikuwa na mwenzetu, Kamau, mtu wa nguvu, aliyetoboa kidole cha mgonjwa na kukikamua mithili ya mtu anayekamua ng'ombe mbishi. Ukikamua kidole hivyo, maji ya mwilini hutoka pamoja na damu na kuifanya nyepesi. Siku moja alitumwa kupima walinzi wa kampuni moja, na walinzi wote wakatoka na upungufu wa damu, mpaka mkubwa wao aliyekuwa na shingo ya fahali. Kampuni ilikuwa tayari kuwanunulia maini. Bi Truphena alikitazama kidole cha mkubwa yule, kilichokuwa bado kimevimba, kisha akamwambia Kamau arudie kazi yote na asitumie mabega.

Kwa hivyo pasha mkono joto, toboa mara moja kwa uthabiti, futa tone la kwanza, acha la pili lije lenyewe. Ukitoa damu ya mshipa, pinduapindua chupa polepole, usiitikise. Na usimwulize mtu, "Wewe ndiye Mary Wanjiku?" Mtu mwenye hofu ataitikia jina lolote. Mwulize anaitwa nani, halafu unyamaze.

Sasa niwaambie juu ya uchovu. Nairobi kila mtu mzima amechoka. Mwenye kuuza nguo Gikomba amechoka, mwalimu amechoka, karani wa benki pale Upper Hill amechoka na ana kiti kizuri. Wengi wana sababu zao tayari: mkubwa wa kazi, umri, watoto, baridi, jirani mwenye macho mabaya. Hawaji kwako kwa ajili ya uchovu. Wanakuja kupimwa malaria, au kwa sababu kazi mpya inataka vipimo, na hapo ndipo unapokuta damu nyepesi. Sikumbuki wiki niliyomaliza bila kuiona, kwa wanawake hasa, lakini pia kwa wazee na kwa wanaume waliokuwa na hakika kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Ni shida ya kawaida kiasi kwamba watu wameizoea, wakaiita maisha.

Si kila damu nyepesi ni ya kukosa chuma. Figo huleta, malaria huleta, kuna waliozaliwa nayo. Lakini madini ya chuma ndiyo hukosekana mara nyingi, nayo huanza kukosekana mapema, kabla HB, kile kipimo cha wingi wa damu, haijashuka. Bi Truphena alitueleza kwa mfano wa jikoni. Debe la unga linaweza kuwa linakwisha na bado ugali uko mezani kila jioni. Wageni wanakula, hakuna anayejua. Ni mwenye nyumba tu anayesikia kikombe kikikwaruza chini ya debe. Wengi wa hao wanaosema wamechoka wako hapo kwenye kukwaruza.

Alitufunza pia kuangalia mikono kabla ya mshipa. Tazama kucha, kama zimebonyea katikati. Vuta ukope wa chini uone kama umepauka. Halafu uliza, bila kukaza uso, "Na siku hizi unatafuna nini?" Usiulize anakula nini, kwa sababu atakutajia chakula kizuri ili umheshimu. Uliza anatafuna nini. Hapo ndipo mtu mzima, mama wa watu, mwenye mkoba wa ngozi, anaangalia sakafu na kukuambia mchele mbichi. Au barafu. Au odowa.

Mnaijua odowa. Yale mawe laini ya kijivu wanayouza akina mama sokoni Kawangware, kando ya nyanya na dania, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Wanaoyanunua ni wajawazito, au ndivyo kila mtu anavyoamini, na hapo ndipo tunapokosea. Nairobi mtu akionekana na odowa, watu huanza kuhesabu miezi. Nimeona wasichana wa kazi wakirudishwa kwao kwa sababu ya jiwe, na hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa. Mwili uliokosa chuma hutamani vitu vya ajabu, uwe na mimba au usiwe nayo, uwe mwanamke au mwanamume. Chuma kikirudi, tamaa huondoka. "Swali la kwanza ni damu yake inaenda wapi," alisema Bi Truphena. "Swali la mwisho ni kama lile jiwe bado ni tamu."

Nilidhani nimeyaelewa maswali hayo mawili. Niliyaelewa vizuri zaidi baada ya kustaafu, kwa sababu ya Baba Nekesa.

Baba Nekesa, au Barasa kama anavyoitwa kazini, ni mtu wa Kimilili. Amepanga chumba karibu nasi hapa Satellite, na anatunza bustani ya nyumba moja kule Lavington. Kanisani kwetu anaimba besi. Mwaka mmoja nilianza kumsikia akikosa pumzi katikati ya wimbo, akifungua mdomo na kuwaachia wengine wamalizie. Nilidhani ni mafua. Mkeo au mumeo akipauka pole pole unaweza usione, sembuse mtu unayemwona Jumapili tu.

Ikaja Jumapili ya kuchangia damu. Wanakwaya wanaume walikuwa wameahidi mbele ya kanisa lote kwamba watajitokeza. Mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, nilikuwa nimepewa kazi ya kugawa soda na biskuti. Kijana wa kupima aliitwa Brayo, mwepesi wa mkono, alinisalimu "Sasa shosho," kana kwamba mimi ni bibi yake, nami nikamsamehe kwa sababu alifuta tone la kwanza bila kukumbushwa. Alikuwa anatumia njia ya zamani ninayoipenda: tone la damu ndani ya maji ya bluu yenye chumvi ya shaba. Damu nzito ya kutosha huzama. Nyepesi huelea, na mwenyewe hutumwa nyumbani.

Tone la Baba Nekesa lilianguka, likatua juu ya maji, likakaa.

"Buda, hii imekataa kuzama," Brayo akasema.

"Jaribu ingine. Hiyo maji yenu iko na shida."

La pili nalo likaelea. Shadrack, wa sauti ya tatu, ambaye hajawahi kuacha mzaha umpite, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Baba Nekesa, hiyo damu ni ya mama mjamzito!"

Watu wakacheka, hata Baba Nekesa alicheka. Akavuta kitambaa mfukoni kufuta kidole, na pamoja na kitambaa kikatoka kijiwe cha kijivu, kikaanguka sakafuni karibu na meza yangu.

"Haki ya nani!" Shadrack akapiga makofi. "Na odowa iko nayo! Ni ya mwezi gani?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kanisani. Baba Nekesa akasema ni chaki ya kuchorea mistari ya maua. Hakuna aliyemsikia. Nilisogeza kiatu changu juu ya lile jiwe, nikamwambia Shadrack asogee mbele akatobolewe, maana maneno mengi hupunguza damu. Si kweli, lakini alisogea, na alipoiona sindano akakumbuka ana wageni nyumbani.

Watu walipotawanyika niliokota jiwe na kumfuata Baba Nekesa kwenye tangi la maji nyuma ya kanisa. Alikuwa ameketi juu ya tofali. Nilimwonyesha.

"Hili jiwe lina alama za meno."

"Ni panya, Mama Ciku."

"Panya wa meno mapana hivi?"

Akacheka kwa pua. Akaniambia yote. Tamaa ilianza wakati wa mvua, akichimba mashimo ya waridi. Harufu ya udongo ikawa inamfanya ameze mate. Akaanza kununua odowa Kawangware na kumwambia muuzaji ni ya mama watoto, ambaye yuko Kimilili na hana habari. "Sasa huyo mama ananiuliza mtoto alizaliwa lini. Nimebadilisha njia, siku hizi napitia huku juu."

"Choo chako ni cha rangi gani?"

"Mama Ciku, hiyo ni swali ya kuuliza mtu mkubwa Jumapili?"

"Nimeshauliza."

"Nyeusi. Kama lami. Ni managu, mimi hukula managu sana."

Managu, kama mboga nyingine za majani, yanaweza kuweka rangi, lakini hayafanyi choo kuwa lami. Nikamwuliza kuhusu dawa. Akasema hamezi dawa, isipokuwa ya mgongo tu, ile ya kutuliza maumivu kutoka kwa duka la dawa, kila asubuhi kabla ya kula chochote, ili aweze kuinama. Alianza lini? Akafikiria. Muda mrefu kabla ya mvua.

Mama mwenye hedhi nzito, unajua damu yake inaenda wapi. Mwanaume mzima anayekula vizuri, damu yake ikikosa chuma, inavuja mahali, na mara nyingi mahali hapo ni tumboni. Dawa za maumivu zikimezwa hivyo huchubua tumbo hadi livuje damu. Nilijua, na niliogopa. Sikuogopa nilipokuwa kazini, kwa sababu kazini nilikuwa na chupa na lebo. Pale nyuma ya kanisa nilikuwa na jirani yangu tu, midomo yake imekuwa rangi ya jivu.

"Kesho uende hospitali," nikamwambia. "Na hiyo dawa usiimeze tena."

"Siwezi. Mama Tasha wa kule kazini amesema akinipata nimekaa tena, nichukue vitu zangu nirudi nyumbani. Anasema nakunywa. Nikimwambia nataka kwenda hospitali, si atasema ni hangover? Na hao wa kwaya wakisikia ni odowa kweli, nitaambia watu nini?"

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Akienda, huenda akapoteza kazi inayolisha watu wake wa Kimilili. Asipoenda, ataendelea kuvuja kimya kimya hadi siku aanguke juu ya nyasi alizozikata mwenyewe. Na kati ya hofu zake zote, nilimwona wazi, kubwa ilikuwa kuchekwa.

Asubuhi yake nilivaa rinda langu la kwendea kazi, nikaenda naye Lavington. Mlinzi wa langoni alimwuliza mimi ni nani, naye akasema, "Ni daktari." Nikaacha hivyo hivyo. Koti jeupe hufanya kazi hata likiwa limekunjwa kabatini.

Mama Tasha ndiye mwenye nyumba. Ni meneja katika benki moja Upper Hill, na siku hiyo alikuwa anafanyia kazi nyumbani, verandani, kompyuta mezani. Ilikuwa Julai, ile Julai yetu isiyo na jua. Alikuwa amevaa sweta nzito na kujifunga shali juu yake. Mkononi alikuwa na glasi iliyojaa barafu, bila kinywaji. Alitukaribisha vizuri. Huku nikieleza, alikuwa akitafuna: kru, kru, kru.

"Mimi sielewi huyu Barasa," akasema. "Zamani alikuwa mtu wa kazi kabisa. Siku hizi kila nikitoka nje amekaa kwa ndoo. Nikaona lazima ni pombe."

"Pombe haipaushi midomo hivyo. Mtazame."

Akamtazama. Baba Nekesa alivua kofia yake na kuitazama kofia. Mama Tasha aliacha kutafuna kidogo. "Barasa, kwani wewe ni mgonjwa? Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nakunywa, Madam."

Mama Tasha alifunga kompyuta yake. Alisema aende, kazi yake itamngoja, na maua yatamwagiliwa na mlinzi. Mimi si mtu wa kulia, lakini niliona mabega ya Baba Nekesa yakishuka, nikageuka kutazama waridi. Mama Tasha akamimina barafu nyingine mdomoni.

Nilikuwa nimestaafu. Hakuna aliyeniuliza. Lakini mdomo wangu haujastaafu. "Madam, hiyo barafu ulianza lini?"

"Hii? Ah, ni tabia tu. Tangu nizae wa pili. Afadhali hii kuliko peremende, si ndio?"

"Na baridi hii?"

"Ni tamu, daktari. Siwezi kukueleza."

"Ofisini kuna ngazi?"

"Kuna lifti."

"Ikiharibika?"

Akacheka. "Ikiharibika nakaa kwa gari kwanza nipate nguvu. Hata isipoharibika nakaa. Dakika kidogo tu, nasikiliza redio."

Mmoja alikaa kwenye ndoo, mwingine akakaa kwenye gari, na yule wa gari alikuwa amekaribia kumfukuza yule wa ndoo. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu akapimwe, HB na akiba ya chuma, vyote viwili, na amweleze daktari kuhusu hedhi yake. Akasema asante, ila wiki hiyo alikuwa na mikutano.

Hospitalini, kule Upper Hill, tuliketi kwenye benchi refu pamoja na watu wengine waliochoka. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na jiwe kwenye mkoba, na hotuba nzima kichwani kuhusu odowa na dawa ya mgongo. Tukaitwa kwa daktari, msichana mdogo mwenye viatu vya kukimbilia. Alimpima mapigo ya moyo, akavuta ukope, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Mzee, hii damu unaipoteza wapi?" Nikafunga mkoba wangu. Nilitamani Bi Truphena, Mungu amrehemu, angekuwa pale amsikie.

Walimlaza. Walimpitishia kamera tumboni, wakaona kidonda, wakakitibu. Aliyekwenda kanisani kutoa damu aliishia kuwekewa ya mtu mwingine. Waliomba jamaa wachangie nyingine irudishwe akibani, na wa kwanza kufika alikuwa Shadrack, bila mzaha hata mmoja, mkono wa shati umekunjwa tangu kwenye lango. Tone lake lilizama moja kwa moja. Alikaa kando ya kitanda cha mwenzake baadaye, akamwambia, "Baba Nekesa, nilikuwa nacheza tu, unajua?" Baba Nekesa akamwambia anajua, na kwamba besi inahitaji mtu wa kuishikilia kwa muda, ajaribu kushuka.

Alirudi na tembe za chuma, nami nikawa askari wake. Siku ya pili nilimkuta anazimeza na chai ya maziwa. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na mabingwa wa kupuuza hilo ni sisi tunaokunywa chai kutwa. Meza na maji au na chungwa, mwambie mgonjwa, chai ije baadaye sana. Mwambie pia kwamba tembe hizo zenyewe hufanya choo kuwa cheusi, asije akaogopa bure, ila kikiwa kama lami arudi mbio. Mwambie asiache akijisikia vizuri, kwa sababu ugali umerudi mezani lakini debe bado tupu. Na juisi ya bitiruti na soda nyeusi, ambazo kila shangazi atamletea, anywe kama anapenda. Hazitajaza debe.

Wiki zikapita. Jumamosi moja alinipigia simu, akasema Mama Tasha amemruhusu kunipa miche ya waridi, nije nichague mwenyewe. Nilimkuta anachimba, shati limelowa, anaimba kwa chini. Midomo ilikuwa na rangi. Nilipoona hivyo nilifurahi kuliko nilivyotarajia, na kwa vile sipendi kuonekana nikifurahi, nikafungua mkoba na kutoa lile jiwe.

"Chukua panya wako."

Akalitazama, akalifuta kwa shati, akanusa. Kisha akaling'ata, palepale kwenye alama zake za zamani. Uso wake ukajikunja. Akatema, akatema tena, akafuta ulimi kwa mkono.

"Mama Ciku, hii ni udongo!"

"Ilikuwa nini siku zote?"

"Mtu anaweza kula hii? Udongo kabisa!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi juu ya ndoo yake huku machozi yakimtoka. Mimi pia nilicheka. Swali la mwisho lilikuwa limejibiwa.

"Barasa, umekaa tena?" Sauti ilitoka verandani, lakini haikuwa ya ukali. Mama Tasha alikuwa anashuka ngazi kuja kuona kichekesho, akishikilia ukuta, shali mabegani, glasi mkononi. Alipotufikia alisimama kwanza, akavuta pumzi kabla ya kuongea. "Mnacheka nini?"

Baba Nekesa alisimama. Akamgeuzia ndoo juu chini, akaipangusa kwa kofia na kumsogezea. Mama Tasha aliketi, na sidhani alitambua kwamba ameketi. Kru, kru.

Baba Nekesa aliitazama ile glasi, kisha akanitazama mimi, kisha akamwuliza kwa upole, jinsi ambavyo ningetaka nyinyi nyote muulize:

"Madam, hiyo barafu bado ni tamu?"

Mama Tasha aliacha kutafuna. Jumatatu nilipigiwa simu na sauti ya chini, kutoka kwenye lile benchi refu la hospitali kule Upper Hill. Mama Tasha alisema amekunja mkono wa blauzi tayari, na alitaka kujua kama sindano itauma.